Kiko cha Kwanza

Jumapili moja ya mwezi uliopita, Misa ilipokwisha, tulikuwa tumesimama chini ya mwembe hapa Lweba tukiongea na wazazi juu ya madaftari ya watoto. Mara akatujia kijana mmoja ambaye tulimfundisha zamani katika darasa la sita. Sasa yeye naye ni mwalimu. Mwaka huu ndio ameanza kazi. Akatusalimu kwa heshima, akangoja wazazi waende zao, ndipo akasema kwa sauti ndogo: “Mwalimu, nataka kununua kiko. Sijapata kuvuta hata mara moja. Nianze na kiko cha namna gani?”

Hatukumcheka. Tulimwuliza tu kwa nini amechagua kiko, ilhali vijana wenzake huvuta sigara. Akajibu bila kusita: “Sigara ni za watoto wa barabarani. Kiko ni cha mtu mzima. Babu alivuta kiko. Ni mila yetu. Hata mapadre wa zamani walivuta. Tena nimepokea mshahara wangu wa kwanza, nami sitaki uishe bila kuacha alama.”

Tulimwomba atuvumilie majuma mawili. Swali lake ni la haki, tena si yeye peke yake aulizaye. Basi yafaa lijibiwe mbele ya wasomaji wote. Leo twamjibu kwanza juu ya kiko chenyewe, kwa kuwa ndicho alichouliza. Kisha tutasema juu ya lile asilouliza.

Wazee wa pwani ya bahari walikuwa na jina kwa kila sehemu ya kiko. Chombo cha chini chenye maji, ambacho mara nyingi kilikuwa kifuu cha nazi, ndicho hasa kilichoitwa kiko. Kikombe cha juu kitiwacho tumbako na moto kiliitwa bora. Mti utokao katika bora kuingia majini uliitwa digali, na mrija uendao mdomoni uliitwa shilamu. Moshi ulipopita majini ulibubujika, na sauti hiyo ikaitwa malio ya kiko. Huku kwetu bara, kando ya Ziwa Tanganyika, kibuyu kilifanya kazi ya kifuu cha nazi. Wengine hawakutumia maji kabisa. Walikuwa na kikombe cha udongo na mrija wa mti, basi. Hicho ndicho kiko ambacho wengi wetu tumekiona mikononi mwa babu zetu.

Viko vya madukani havina maji, navyo ni vya namna nyingi. Vingi huchongwa katika shina nene la mti mdogo ambao wataalamu huuita Erica arborea, lile fundo lililo kati ya mizizi na matawi. Fundo hilo ni gumu, wala halishiki moto upesi. Mti huo huota katika nchi zinazozunguka Bahari ya Kati, na mafundi wa mji wa Saint-Claude, nchini Ufaransa, wameuchonga tangu karne ya 19. Ajabu ni kwamba huota pia juu ya milima yetu ya Afrika, kama Kilimanjaro na Ruwenzori.

Namna ya pili ni kiko cha jiwe jeupe, jepesi na laini, ambalo Wajerumani waliliita povu la bahari. Jiwe hilo latoka hasa katika nchi ya Uturuki, lakini limechimbwa pia upande wa Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Katika miaka ya 1950 na 1960 kampuni ya Tanganyika Meerschaum Corporation ilishughulika na jiwe hilo, na viko vyake vilitengenezwa Arusha, vikauzwa mpaka ng’ambo kwa jina la “Kiko”. Hivyo neno letu la Kiswahili limesafiri mbali.

Namna ya tatu ni ya bei ndogo kuliko zote. Ni kiko cha gunzi la mahindi. Katika mji wa Washington, jimbo la Missouri, Marekani, fundi mmoja Mholanzi aitwaye Henry Tibbe alianza kuvitengeneza mwaka 1869, na kazi hiyo haijakoma mpaka leo. Wajuzi wengi humshauri mtu anayeanza achukue kiko cha gunzi, ili akichukizwa asiwe amepoteza fedha nyingi. Mama zetu wa Lweba hutupa magunzi kila siku, au huyatia motoni kukaushia samaki. Kumbe twatupa mali!

Anayenunua kiko hutazama mambo machache. Kikombe kiwe na kuta nene, kisiwe na ufa. Ndani yake kusiwe na rangi wala vanishi, kwa kuwa moto utaziunguza, na mvutaji atazimeza pamoja na moshi. Tundu la mrija litokee katikati ya kitako cha kikombe. Likiwa juu mno, tumbako ya chini haitaungua, itabaki na unyevu na uchungu. Mnunuzi avute hewa kikombe kikiwa kitupu: ipite bila kazi wala kupiga mluzi.

Kujaza nako kuna adabu yake. Wavutaji wa Ulaya husema kwamba tumbako hutiwa mara tatu: mara ya kwanza kwa mkono wa mtoto, mara ya pili kwa mkono wa mwanamke, mara ya tatu kwa mkono wa mwanamume; yaani chini iwe legevu, juu ishikamane. Kiko kipya hakijazwi mpaka juu; siku za kwanza hutiwa nusu tu, ili ukuta wa ndani upate gamba jembamba la mkaa litakaloukinga. Huvutwa polepole, kwani mwenye haraka huunguza ulimi. Kikiisha kuvutwa huachwa kipoe kabla ya kuchomoa mrija, kisha husafishwa na kupumzishwa siku nzima kikauke.

Haya ndiyo majibu ya swali lake. Mfanyabiashara mwaminifu angemweleza hayo hayo, kisha angepokea fedha yake. Lakini sisi si wafanyabiashara, na yule kijana alitupa sababu tatu. Yatupasa kuzipima moja moja.

Sababu ya kwanza: kiko ni mila yetu. Tumbako si mzawa wa nchi hii. Ni mmea wa Amerika, ambao haukujulikana Ulaya wala Afrika kabla ya Kristofa Kolumbo kuvuka bahari mwaka 1492. Wareno na wafanyabiashara wengine ndio walioueneza. Jean Nicot, balozi wa Ufaransa huko Ureno, aliupeleka kwao karibu na mwaka 1560, na kwa jina lake ile sumu iliyomo ndani ya tumbako yaitwa nikotini. Mmea huo ulipokelewa na kupandwa upesi kote. Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, waliikuta tumbako huko. Burton aliandika kwamba watu wa Ujiji waliiloweka katika maji, wakaivuta puani, kisha wakabana pua kwa kibanio ili isitoke upesi. Mwaka huo huo wasafiri hao walipita kwa mitumbwi mbele ya pwani yetu wakienda Uvira, wakaiona rasi ya Ubwari wakadhani ni kisiwa.

Basi tumbako ni mgeni aliyekaa miaka mingi mpaka akadhaniwa kuwa mwenye nyumba. Lililo la zamani kuliko mgeni huyo ni kikao chenyewe. Mababu walikaa pamoja, wakasikilizana, wakaamua mashauri, kabla jani moja la tumbako halijavuka bahari. Sisi Wabembe mahali pa kikao hicho twapaita lubunga. Kijana akisema apenda mila, na tushukuru; ila achague ipi kati ya hizo mbili iliyo mila, na ipi iliyoingia mlangoni baadaye.

Sababu ya pili: mapadre wa zamani walivuta. Ni kweli, wamisionari wengi walikuwa na ndevu ndefu na kiko mkononi. Lakini wao waliishi wakati ambapo wengi waliona kiko kama kiburudisho tu. Mwaka 1950 wataalamu wawili Waingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitangaza uchunguzi wao juu ya uvutaji na saratani ya mapafu. Mwezi wa Januari 1964 mganga mkuu wa serikali ya Marekani alitoa taarifa yake, na dunia nzima ikasikia. Leo Shirika la Afya Duniani lasema kwamba tumbako huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka. Mwenye kiko hujifariji kwa kuwa haushushi moshi kifuani kama mwenye sigara. Lakini moshi huo hukaa mdomoni, na mdomo, ulimi na koo navyo hupatwa na saratani. Alichofanya mtu asiyejua si ruhusa kwa mtu anayejua.

Hapa wengine watauliza: Je, ni dhambi? Kanisa limeijua tumbako kwa muda mrefu. Mwaka 1642 Papa Urbano VIII aliikataza ndani ya makanisa ya jimbo la Seville, huko Hispania, kwa kuwa watu, hata mapadre, waliitumia wakati wa ibada. Mwaka 1725 Papa Benedikto XIII alilegeza makatazo ya namna hiyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2290, yaitaja tumbako pamoja na chakula, kileo na dawa, ikifundisha juu ya fadhila ya kiasi na kuepa kila kupita kiasi. Na mwaka 2017 Papa Fransisko aliamua kwamba Vatikano isiuze tena sigara kuanzia mwaka 2018, kwani haikufaa kupata faida kwa kitu kinachodhuru afya za watu. Basi hatumwiti mzee mwenye kiko mwenye dhambi. Hatukupewa kiti cha hukumu. Twasema tu kwamba kiasi ni kigumu kwa kitu ambacho kazi yake ni kumfanya mtu arudie. Wahenga walisema: chovya chovya humaliza buyu la asali.

Tena tukumbuke mfuko. Kiko hununuliwa mara moja, lakini tumbako hununuliwa kila siku. Tuseme mtu atoa faranga 500 tu kwa siku: kwa mwezi wa siku 30 zimekwenda 15,000, na kwa mwaka 182,500. Mwalimu anayejua hesabu na aifanye hesabu hii kabla hajafungua mkoba, akiwaweka mbele ya macho wadogo zake wanaosubiri sare na kalamu.

Sababu ya tatu ndiyo iliyotugusa, nayo ni kwamba kiko ni cha mtu mzima. Hapo hatuna budi kuungama habari zetu wenyewe.

Sisi nasi tulinunua kiko kwa mshahara wetu wa kwanza. Kilikuwa cha mti, chenye mrija mweusi, nasi tulikipenda sana. Jioni ya siku ile ile tulikwenda nacho lubunga, tukaketi karibu na mjomba wetu, ndugu ya mama yetu. Mzee huyo alikuwa katekista miaka mingi, na watu walitoka mbali kumletea magomvi yao ya mashamba, ya nyavu na ya mahari. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Aliwaacha wote waseme mpaka wachoke, akivuta kiko chake cha udongo, kisha akasema maneno machache, na shauri likaisha. Sisi tuliona ule moshi, tukadhani hekima yatoka humo.

Tukawasha kiko chetu kipya, tukakohoa, macho yakatoka machozi. Wazee walinyamaza. Mjomba alitutazama, akauliza kwa upole: “Mpwa wangu, umeleta kiko. Je, umeleta neno gani?”

Hatukuwa na neno. Tulikuwa hatujui hata shauri lililokuwa likisemwa siku ile. Tulirudi nyumbani tumeona haya, lakini hatukukitupa kiko. Tukaendelea kukivuta usiku, peke yetu, juu ya madaftari ya wanafunzi. Mazoea yana taabu: baada ya miezi michache hatukuweza kusahihisha hesabu bila moshi.

Mwaka wa tatu mjomba alipata kidonda kidogo chini ya ulimi. Akasema ni jino bovu limemkata. Alitumia dawa za miti shamba, akasukutua maji ya chumvi, akangoja. Miezi ikapita. Alipokubali kupelekwa hospitali, kidonda kilikuwa kimekwisha kuingia ndani na shingo imevimba. Mganga alitwambia kwamba ni saratani, na kwamba tumbako ya miaka mingi ndiyo iliyoelekea sana kuwa sababu yake. Akatwambia pia kwamba tumechelewa.

Wasomaji wapenzi, Mungu alimjalia mtu huyu ulimi wa kupatanisha watu, na ulimi huo ndio uliokufa kwanza. Mwisho alisema kwa vidole na kwa macho. Watu waliendelea kumletea magomvi yao kwa mazoea, wakaketi mbele yake, naye akawasikiliza asiweze kujibu. Siku moja ndugu wawili walikuwa karibu kupigana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mjomba akaomba kibao cha shule na chaki, akatuandikia sisi maneno haya: “Kesho nenda lubunga. Sema wewe.”

Tulikwenda. Kiko tulikiacha nyumbani, si kwa ushujaa, bali kwa hofu tulikisahau. Tuliwasikiliza wale ndugu tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, kama tulivyomwona mjomba akifanya. Tulipojaribu kusema, sauti yetu ilitetemeka. Shauri halikuisha siku ile. Liliisha baada ya vikao vitatu. Lakini mzee mmoja alipoondoka alitushika bega akasema: “Leo umeleta neno.” Hakuna mtu aliyetazama mikono yetu kuona kama ina kiko au haina.

Mjomba alifariki kabla ya Kwaresima, amekwisha pokea Mpako wa wagonjwa. Kiko chake cha udongo kimo kabatini mwetu, karibu na chetu. Kuacha kulituchukua mwaka mzima, na mara mbili tulianguka tukarudia. Twasema hayo ili asije mtu akadhani ni kazi nyepesi.

Kwa hiyo, mwanafunzi wetu wa zamani, wewe ambaye sasa ni mwalimu mwenzetu, jibu letu ni hili. Ukitaka kiko kwa sababu ni kitu kizuri cha mikono ya fundi, mtengenezee babu sanamu yake kwa mti, uitundike ukutani, wala usiiwashe. Ukitaka mshahara wako wa kwanza uache alama, tazama nyumbani kwenu nani anahitaji nini. Na ukitaka kuhesabiwa mtu mzima, hakuna duka la Baraka wala la Uvira liuzalo kitu hicho. Njoo lubunga, kaa chini, sikiliza mwaka mmoja au miwili, mpaka wazee wenyewe wakuulize wewe waonaje.

Na kwenu wazee wetu mnaovuta tayari, hatuwafundishi kwa ukali. Ninyi ndio mliotulea. Twawaomba mambo mawili tu. Msivutie ndani ya nyumba walalamo watoto wachanga. Na mkiona kidonda mdomoni kisichopona kwa majuma matatu, msingoje jino wala dawa ya chumvi: nendeni kwa mganga siku hiyo hiyo. Twawahitaji mkiwa na ndimi zenu.

Yule kijana hajatujibu bado, wala hatukumhimiza. Alhamisi iliyopita tulimwona lubunga. Alikuwa ameketi karibu na mlango, mahali pa vijana, akisikiliza habari ndefu ya mbuzi aliyekula mihogo ya jirani. Mfuko wa shati lake ulikuwa na kalamu tu.